Paa gumu kwenye MX-5 ya zamani: halikai, linalia, linavuja. Kosa liko wapi?

Jamaa yangu mmoja wa Tanga, ambaye naye anaishi huku Midlands, Uingereza, alinipigia simu Jumamosi moja asubuhi.

"Kaka, lile paa nimeshalipachika. Limekaa vizuri tu. Lakini mvua ya jana yote imelala ndani ya gari."

"Umefanya nini mpaka sasa?"

"Nimekaza."

"Umekaza nini?"

"Kila kitu."

Hapo nikajua siku imeshaliwa. Kukaza ndiyo dawa ya kwanza ya kila mwenye paa gumu, lile lisilokunjika linalopachikwa na kutolewa, na mara nyingi ndiyo inayozidisha ugonjwa. Mpira ukibanwa kupita kiasi hulala bapa na hauinuki tena. Makomeo yakivutwa kwa nguvu hupindisha paa, basi pembe moja inaziba na nyingine inaachama. Na lile kosa la mwanzo linabaki palepale, likikucheka.

Gari lake ni Mazda MX-5 ya mwaka 1993, gari dogo la wazi la viti viwili, ile iliyouzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster kisha ikaletwa Uingereza ikiwa imetumika. Gari alilinunua kwa mtu mmoja, paa kwa mtu mwingine. Mengi ninayoeleza hapa tuliyakuta kwenye gari hilo siku ile, na yaliyobaki nilijifunza kwa langu, kwa gharama yangu mwenyewe.

Kwanza hakikisha ni paa la gari hilo

MX-5 ya kwanza, yenye taa za mbele zinazofumbuka na kufumba, ilionyeshwa Chicago mwaka 1989 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997. Ya pili, ambayo taa zake hazifumbi, ilianza 1998 ikaishia 2005. Wenyewe huziita NA na NB. Paa gumu la NA hukaa kwenye NB, na la NB hukaa kwenye NA. La NC, iliyoanza 2005, halikai kwenye mojawapo ya hizo hata uliombee dua. Nimeona mtu akihangaika nusu saa na paa la NC juu ya NA, akidhani limepinda safarini.

Paa la kiwandani lina uzito wa kilo 20 hivi na limetengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Watu wawili wanalibeba bila shida. Mtu mmoja pia analiweza, mpaka upepo uje. Linashikwa sehemu sita: makomeo mawili mbele, juu ya kioo cha mbele, makomeo mawili ubavuni, nyuma ya milango, na viungio viwili nyuma, ambavyo wapenzi wa gari hili wamevibatiza jina la Frankenstein. Makomeo ya mbele hutumia vishikio vilevile vya turubai, yaani paa la kitambaa linalokunjwa, kwa hiyo kila gari linavyo. Vibamba vya ubavuni, vile vya kwenye bodi ambavyo makomeo hujishika, ndivyo vya kutazama. Gari lililouzwa bila paa gumu huenda halina, na aliyekuuzia paa huenda hajui kwamba ulivihitaji.

Usikubali maneno ya "mbele na nyuma panatosha". Paa lisiloshikwa ubavuni hupanda na kushuka kwenye barabara kuu, na kelele zote utakazozitafuta baadaye zitaanzia hapo. Na paa ambalo halijafungwa sawasawa mbele ni la kukuchinjia wa nyuma yako.

Makomeo ya mbele hayafiki

Umeliweka paa, nyuma limekaa, ila kulabu za mbele zinapungukiwa na sentimita moja. Kabla hujagusa skrubu yoyote, angalia turubai. Kwenye MX-5 kwa kawaida turubai halitolewi; linakunjwa na kulala nyuma ya viti, paa gumu linakuja juu yake. Likikunjwa vibaya, chuma chake kimoja kinabaki kimeinuka na kulisukuma paa kutoka chini. Kwenye NA dirisha la nyuma la turubai ni la plastiki: fungua zipu, lilaze bapa, kisha ndipo ukunje. Asiyefungua zipu anapata mambo mawili kwa mpigo, paa lisilokaa na dirisha lenye mkunjo usiotoka. Wakati wa baridi kali plastiki hiyo hupasuka kama biskuti, kwa hiyo washa hita ya gari kidogo kwanza.

Turubai likiwa sawa, tazama gari limesimama wapi. Gari lisilo na paa bodi yake hujipinda zaidi kuliko ya gari la kawaida. Ukiliegesha gurudumu moja likiwa juu ya ukingo wa barabara, pembe za fremu ya kioo cha mbele haziko pale zilipokuwa. Paa lipachike kwenye sakafu iliyo sawa, si kwenye mteremko wa nje ya nyumba.

Sababu ya tatu ni haraka. Watu hufunga ubavuni kabla ya mbele. Weka paa, ingiza viungio vyote sita bila kukaza hata kimoja, lisukume kwa kiganja kulia na kushoto hadi nafasi zilingane pande zote, kisha funga mbele, halafu nyuma, ubavuni mwisho.

Haya yote yakiwa sawa na kulabu bado hazifiki, sasa unaweza kuzigusa. Kulabu ina meno ya skrubu. Ukiizungusha inarefuka au inafupika. Nusu mzunguko kwa wakati, na idadi ileile kulia na kushoto. Kipimo changu ni kiganja: komeo lifungwe kwa kiganja kimoja, liwe jepesi mwanzoni na zito mwishoni. Likitaka mikono miwili umepitiliza. Likijifunga lenyewe kama mlango wa kabati, bado.

Kisha thibitisha kwa poda. Ndiyo, poda ya mtoto. Futa mpira wa mbele ukauke, upake poda kidogo kwa kidole, funga paa kikamilifu, kisha fungua. Kwenye fremu ya kioo utaona mstari mweupe. Mahali mstari umekatika, mpira haugusi. Mahali umekuwa mpana na kusambaa, umebanwa mno. Kwenye gari la jamaa yangu mstari ulikuwa mpana kama vidole viwili upande wa dereva, na upande wa abiria ulikatika kabisa karibu na nguzo ya kioo. Alikuwa amekaza kulia mizunguko minne na kushoto mmoja. Tulizirudisha zote mwanzo, tukaanza upya, na mstari ukatoka mmoja, mwembamba, toka nguzo hadi nguzo.

Paa ambalo si la kiwandani, la faibaglasi, lina tabia zake. Mengi yametengenezwa kwa mkono na hayalingani. Moja lina kiuno chembamba, jingine limepanuka. Usiyavute kwa komeo yakae. Faibaglasi hukubali leo na kupasuka mwezi ujao, nyufa ndogo kama miguu ya buibui kuzunguka kila boliti. Pima pengo, weka washa, zile pete bapa za boliti, chini ya kishikio hadi pengo liishe, ndipo ufunge. Na kama dirisha la nyuma ni la plastiki badala ya kioo, thina na petroli zisilisogelee. Sabuni ya maji na kitambaa laini vinatosha.

Kelele

Swali la kwanza si "inatoka wapi?" bali "inaliaje?" Sauti ndani ya gari dogo hudanganya sikio. Inayosikika nyuma ya kichwa chako huenda inaanzia mbele.

Kama inalia kwii-kwii kwenye matuta na mashimo ila inanyamaza kwenye lami nzuri, ni mpira mkavu unaosuguana na rangi. Bodi inajipinda, paa halijipindi kwa kiasi hichohicho, na kati yao kuna mpira. Uoshe kwa maji ya sabuni, ukauke, upake grisi ya silikoni nyembamba kiasi cha kung'aa tu. Grisi ya beringi na mafuta ya injini usiyatumie hata kama ndiyo yaliyo karibu. Mpira wa aina hii huvimba na kulegea. Mara nyingi tiba ni hiyo tu na utashangaa ulivyoteseka.

Kama inagonga ta-ta-ta, kuna vitu viwili vigumu vinavyogusana. Hapa sifungui chochote mpaka nipate msaidizi. Endesha polepole kwenye barabara mbovu unayoifahamu, msaidizi akae kiti cha abiria na abonyeze kiganja kwenye komeo moja baada ya jingine. Sauti ikikatika mkono ukiwa juu ya komeo fulani, mshitakiwa amepatikana. Ya ubavuni ndiyo huongoza kwa kesi. Ama boliti za kibamba zimelegea, ama chuma kinagonga chuma kwa sababu ile plastiki ndogo ya kati imeliwa au ilipotea kwa mwenye gari wa tatu nyuma yako. Kipande cha tepu ya kitambaa cha manyoya, kile wanachobandika chini ya miguu ya viti visichubue sakafu, hufanya kazi kwa miaka.

Ila usisahau kilicho chini ya paa. Nilikuwa na sauti, tak, tak, tak, nyuma kushoto, kila nikipita kipilefti cha karibu na kwangu. Nilifungua paa mara tatu. Nilinunua vibamba vipya. Nilibadilisha tepu. Mwishoni binti yangu, aliyekuwa amekaa kiti cha abiria akichezea simu, akasema, "Baba, si hiki hapa?" Kilikuwa kishikio cha komeo la turubai lililokunjwa, kinaning'inia na kugonga chuma cha nyuma ya kiti. Nilikifunga kwa soksi kuukuu, na soksi hiyo ipo hadi leo.

Mluzi ni habari nyingine, ni upepo. Hauji mjini, unaanza mahali fulani baada ya maili 50 kwa saa, na kwenye barabara kuu, ambako huku kikomo ni maili 70, yaani kilomita 112 hivi, unakuwa kama birika la chai. Milango ya gari hili haina fremu juu ya kioo. Kioo chenyewe hupanda na kujibana kwenye mpira, na hapo ndipo upepo hupenya. Vioo vyako vimezoea turubai kwa miaka 30, leo umeviletea mpira mwingine kabisa.

Chukua ukanda wa gazeti, uuweke juu ya ukingo wa kioo, funga mlango, vuta. Unapaswa kuvutika kwa ubishi. Ukitoka kama barua kwenye bahasha, hapo pana pengo. Pita na karatasi hiyo kila sentimita kumi. Pengo likiwa refu kwenye ukingo wote wa juu, kioo hakifiki juu ya kutosha. Kabla ya kurekebisha, kipandishe na kukishusha mara kadhaa. Kinachopanda kwa kusuasua, ugonjwa wa kawaida wa NA, kinaweza kukwama milimita chache kabla ya mwisho kwa sababu ya grisi kuukuu iliyoganda kama nta ndani ya mlango. Safisha, paka mpya, kisha pima tena. Kikiwa bado, vua ubao wa ndani wa mlango, chora kwa kalamu mahali boliti za kizuizi zilipo sasa, ndipo uzilegeze. Milimita moja au mbili ni nyingi. Ukikipandisha mno kitautafuna mpira wa paa kila ukifunga mlango, na mpira huo si rahisi kuupata.

Ukishindwa kupata chanzo cha mluzi kwa karatasi, tumia tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Ziba kiungo kimoja kwa nje, nenda barabara kuu, rudi. Bandua, ziba kingine. Ni kazi ya kuchosha na inakula mafuta. Ila ndiyo njia pekee ninayoiamini, kwa kuwa haitegemei sikio la mtu.

Maji

Hapa ndipo paa husingiziwa kuliko mahali popote.

Anza na ramani. Gusa zulia na viti kwa mkono mtupu, mkono unajua kuliko macho, na uone maji yako wapi hasa. Paja la dereva likilowa ukiwa safarini, ni pembe ya mbele ambako nguzo ya kioo cha mbele, mpira wa mlango na mpira wa paa hukutana. Hapo mipira mitatu inapaswa kuongea lugha moja na mara nyingi mmoja haupo sawa. Tazama kama kona ya mpira wa nguzo imechanika au kusinyaa. Matone yakidondoka toka juu, karibu na vizuia jua, ni mpira wa mbele, na poda itakuonyesha. Miguuni mbele kukiwa na maji wakati juu kote ni pakavu, liache paa, tazama majani yaliyojaa chini ya kioo cha mbele au mpira wa kioo chenyewe. Buti likilowa, mara nyingi ni mipira ya taa za nyuma au ya kifuniko chake. Wahi, maana kwenye NA na NB betri inakaa humohumo butini.

Lakini zulia likilowa nyuma na chini ya viti, kama la jamaa yangu, usiguse paa. Chukua chupa ya maji.

Nyuma ya viti, kila upande, karibu na mnara wa mkanda wa kiti, kuna tundu la kutolea maji. Mfereji wa mpira unaozunguka chini ya turubai hukusanya maji yanayopenya na kuyapeleka kwenye matundu hayo mawili, yanashuka kwenye mabomba ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Yaani waliobuni gari hili walijua kuwa maji yatapita, wakayatengenezea njia. Njia ikiziba, maji yanatafuta nyingine, nayo ni zulia lako.

Tulimimina nusu lita upande wa kulia. Nikiwa nimelala chini na tochi, niliyaona yakitoka mbele ya gurudumu kabla hajamaliza kumimina. Upande wa kushoto tukamimina kiasi hichohicho. Kimya. Maji yalipanda, yakafika ukingo, yakaanza kumwagikia ndani mbele ya macho yetu.

"Kumbe si paa," akasema.

"Paa lina kosa gani, masikini?"

Tulichokonoa kwa uzi wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi. Waya wa chuma usiutumie: unatoboa bomba au unalichomoa kwenye kiungo chake, na hapo utakuwa umehamisha mvua kutoka kwenye zulia kwenda ndani ya bodi. Uzi ulipopita ulitoka na uji mweusi wa majani yaliyooza, miiba ya msonobari na kitu kilichokuwa karatasi ya pipi, vikinuka kama mtaro wa sokoni. Tukasukuma maji ya uvuguvugu, kidogokidogo, mpaka yakatoka meupe.

Sasa kwa nini gari halikuwahi kuvuja akitumia turubai? Lilivuja. Ila miaka yote alikuwa akiliogopea mvua, analilaza ndani ya gereji. Siku alipopachika paa gumu ndipo alipojiamini akaliacha nje usiku kucha. Paa lilikuja siku ileile gari lilipoanza kulala nje, likabeba kesi isiyo yake.

Kuziba huku si jambo la zulia tu. Maji yanayosimama humo hula ubavu wa chini wa bodi, ule ulio chini ya mlango, hasa mwisho wake mbele ya gurudumu la nyuma. Hapo ndipo NA na NB huoza, na kutu huanzia ndani, kwa hiyo ukiona rangi imevimba nje ujue kazi imeshafanyika. Kwenye ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, kutu kubwa ndani ya sentimita 30 za mahali mkanda wa kiti umefungwa inaliangusha gari. Bonyeza hapo kwa kidole gumba kabla hujanunua paa. Gari likiwa limeoza, fedha ya paa mpelekee fundi bodi.

Kuna wanaong'oa turubai zima pamoja na mfereji wake ili gari liwe jepesi, wakibaki na paa gumu peke yake. Sawa, ni gari lako. Lakini umeondoa ngome ya pili. Tone lolote litakalopita mpira wa nyuma wa paa sasa linaingia moja kwa moja ndani. Ng'oa turubai ukitaka, ila mfereji uache.

Njia zikiwa wazi na bado panavuja, jaribu kwa maji, lakini kwa adabu. Mtu mmoja ndani na tochi, mmoja nje na mpira wa bustani usiobanwa mdomo, maji yakimwagika tu kama ya kunawa. Anza chini, usubiri dakika mbili tatu, panda kidogo, subiri. Ukianza juu maji yatateremka kila mahali na hutajua yalipoingilia. Mashine za shinikizo hazifai kabisa. Hata gari jipya lenye paa la chuma ukilielekezea mdomo wa mashine hiyo kwenye mpira, litaingiza.

Na tafadhali, silikoni ya bafuni usilete. Niliwahi kununua paa ambalo mwenye nalo wa kwanza alilizungushia yote ukingo mzima. Halikuvuja, kweli. Halikutoka pia. Nilitumia siku mbili na kucha zangu kulisafisha, na fundi rangi aliyelipiga rangi baadaye alinitazama vibaya maana mabaki ya silikoni yalimfanya arudie kazi.

Vioo kujaa ukungu

Paa gumu hufunga hewa vizuri kuliko turubai, kwa hiyo unyevu ulio ndani hauna pa kwenda. Ukungu wa asubuhi kwenye kioo haumaanishi panavuja usiku. Huenda ni maji ya mwezi uliopita. Zulia la gari hili lina sponji chini yake. Juu pakavu, chini kama dodoki. Inua, fanya sponji likauke kwa siku kadhaa mahali pa joto, kisha ndipo uhukumu. Turubai nalo usilikunje likiwa bichi ukafunika paa juu; utalikuta na madoa meusi ya kuvu.

Kioo cha nyuma hakiondoi ukungu

Baadhi ya mapaa ya zamani hayana mistari ya joto kabisa. Angalia kioo kabla hujanunua relei, ile swichi ndogo ya umeme ya kuwashia mistari. Kama mistari ipo, swali ni kama gari lako lina waya wa kuilisha. NB yenye turubai la kioo chenye joto inao tayari. NA, kwa kuwa turubai lake lina dirisha la plastiki, huenda haina, au waya upo umefungwa nyuma ya urembo wa ndani. Ukilazimika kuvuta waya mpya, upe fyuzi yake na relei yake. Mistari hii hunywa umeme mwingi. Usiichomeke kwenye waya wa redio au wa taa ya ndani kwa sababu tu uko karibu.

Umeme ukiwepo na mistari ikawa haifanyi kazi, washa, shika mita, ncha hasi kwenye bodi, ncha chanya izungushie karatasi ya alumini isikwaruze mstari. Pima katikati ya kila mstari. Mzima utasoma karibu volti 6. Ukisoma 12 au sifuri, mstari huo umekatika. Sogeza ncha taratibu kuelekea upande wa pili. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye mkato. Rangi maalumu yenye madini ya fedha huunga hapo, tone dogo tu, likauke kabla ya kuwasha. Mistari yote ikisoma 12 pande zote mbili, waya wa kurudisha umeme kwenye bodi haushiki. Safisha kutu kwenye boliti yake.

Mengine kwa kifupi

Rangi inayolika nyuma chini ya paa ni mchanga uliokamatwa chini ya mpira. Futa pande zote mbili kila unapopachika na ubandike ukanda wa plastiki angavu kwenye bodi. Kitambaa cha dari kikining'inia, gundi imezeeka. Kwa anayeegesha juani Dar au Mombasa gundi ya kawaida ya dawa ya kupuliza haitadumu, omba ya kuvumilia joto. Na kama una chuma cha kinga nyuma ya viti, pima nafasi yake na kioo cha nyuma cha paa kabla hujalipia. Paa gumu lenyewe si kinga ya gari kupinduka, hata likaonekana imara vipi.

Likiwa nje ya gari lisimamishe wima ukutani juu ya godoro kuukuu, limefungwa kamba, kioo kikitazama mahali ambapo watoto hawapigi mpira. Lisilazwe kwa mgongo, na lisiegemezwe kwenye ukingo wa mpira maana utabaki na umbo la sakafu.

Wakati wa kulitoa fungua ubavuni, nyuma, kisha mbele. Lakini kabla ya hayo yote chomoa waya wa kioo. Jamaa yangu aliusahau mara ya kwanza, tukanyanyua paa na soketi ikang'oka nalo. Sasa ana kipande cha tepu ya karatasi kwenye dashibodi, kimeandikwa kwa kalamu nene: WAYA KWANZA.